Saa ya ufunguo imegoma? Soma hapa kabla ya kushika bisibisi

Saa hutufikia karakanani kwa njia mbili. Ya kwanza huja mkononi mwa mwenyewe, imesimama au inakimbia, naye anaeleza ilivyoanza. Ya pili huja ndani ya kopo. Wakati mwingine ni kiberiti, wakati mwingine ni kikombe kilichozibwa kwa karatasi, lakini ukitikisa utasikia mlio uleule wa vipande. Mwenye kopo huwa hatutazami usoni. Anatua mzigo mezani na kusema, "Nilitaka kuisafisha tu."

Hatumcheki, kwa kuwa nasi tulianzia hapohapo. Saa ya kwanza niliyoifungua ilinirushia kijispringi kisichofika punje ya mchele. Nilikitafuta sakafuni kwa magoti siku mbili, kumbe kimenasa kwenye kunjo la mkono wa shati. Kwa hiyo haya si maneno ya kumkataza mtu kugusa saa yake. Tunataka ajue pa kugusa, na akifika wapi aiweke bisibisi chini.

Kwanza, hakikisha saa ni mbovu kweli. Nyingi kati ya zile zinazojijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono huletwa kwetu "zimekufa" kumbe zina njaa tu. Mtu anayekaa kitini kutwa hazungushi mkono vya kutosha kuijaza kamani, ile springi inayoisukuma saa, na kamani ya kawaida hata ikijaa pomoni huendesha mashine kwa muda wa saa 40 hivi. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumapili alasiri utaikuta imelala. Itie ufunguo kwa mkono, mizunguko 20 au 30, kisha uiangalie. Ila si zote zinazokubali. Mashine ya Seiko 7S26, iliyomo ndani ya saa nyingi sana, haijazwi kwa kifundo cha pembeni hata ukikizungusha mpaka vidole viume. Hiyo unailaza kiganjani, uso juu, unaizungusha taratibu kama mtu anayesuuza bakuli, mpaka mshale wa sekunde uanze kutembea. Kisha unaivaa.

Saa inayokimbia dakika kadhaa kwa siku, na wiki iliyopita ilikuwa sawa, mshukiwe wa kwanza ni sumaku. Moyo wa saa ni gurudumu la mizani, lile linalocheza huku na huko. Linarudishwa na kamani nyembamba iliyojiviringa kama konokono, ambayo hapa tutaiita unywele. Unywele ukiingiwa na sumaku, mizunguko yake hushikana. Unakuwa kama umefupishwa, na gurudumu linacheza upesi kuliko lilivyopangiwa. Sumaku yenyewe inatoka kwenye spika, kishikizo cha mkoba, kifuniko cha tableti au kava la simu. Tafuta dira ya sindano, uipitishe saa karibu yake. Sindano ikiyumba kuifuata saa, umepata jibu bila kufungua kitu. Kifaa cha kuondoa sumaku ni kidogo na hakina maajabu: unakiwasha saa ikiwa juu yake, unaivuta saa mbali polepole hadi mkono unyooke, ndipo unakizima. Wengi hukosea hapo mwishoni. Wanakizima kifaa saa ikiwa bado iko juu yake, na saa inabaki na sumaku pengine kuliko iliyokuja nayo.

Kama si sumaku, jiulize pia unaidai saa yako nini. Siku ina sekunde 86,400. Saa inayochelewa sekunde 10 kwa siku imekosea sehemu moja katika 8,640, na hicho ni chuma kinachosukumwa na kamani. Hata saa zinazopewa Uswisi cheti cha kronomita, yaani cha usahihi wa mwendo, huruhusiwa, kwa wastani wa siku, kuchelewa hadi sekunde 4 au kuwahi hadi sekunde 6. Mteja akituletea saa ya zamani inayowahi sekunde 8, sisi humshauri aivae tu. Tunapoteza kazi, lakini ndivyo ilivyo.

Ukitaka kuirekebisha mwendo mwenyewe, inawezekana, na ndiyo kazi ya kwanza tunayompa mwanafunzi baada ya kumfundisha kufungua kifuniko cha nyuma. Kuna programu za simu zinazosikiliza mlio wa saa na kukuambia inawahi au inachelewa kiasi gani, mradi chumba kiwe kimya. Programu itakuuliza mapigo ya mashine kwa saa moja. Yakiwa 18,000 ni mapigo 5 kwa sekunde, 21,600 ni 6, na 28,800 ni 8. Karibu na gurudumu la mizani kuna kijimkono chenye alama za + na −. Kisogeze kidogo mno, kiasi ambacho jicho lina shaka kama kimesogea, kisha upime tena. Tahadhari: mashine nyingi zina vijimkono viwili vilivyokaribiana. Mmoja ni wa mwendo. Mwingine unaweka usawa wa mapigo, yaani tik na tak zilingane. Ukiuvuta huo wa pili kwa kudhani ni wa kwanza, saa itaanza kuchechemea kama mtu mwenye kiatu kimoja, na pengine haitaanza yenyewe ikishasimama.

Jambo moja hatulifanyii mzaha. Saa ya zamani, hasa ya kabla ya miaka ya 1960, yenye tarakimu au mishale iliyopakwa rangi ya kung'aa gizani, huenda imepakwa radiamu, madini yenye mionzi. Kwamba haing'ai tena si dalili ya usalama. Kilichochoka ni kemikali inayotoa mwanga, wakati radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Wasichana waliopaka rangi hiyo viwandani Marekani, wakichonga ncha za brashi kwa midomo, waliugua na wengi wakafa. Ikiwa imefungwa mkononi hatari yake ni ndogo. Ikifunguliwa juu ya meza ya chakula, na rangi imeshaanza kumeguka kuwa unga unaoweza kuvutwa kwa pumzi, hapo ni jambo jingine. Usiikwaruze, usiipulize. Ifunge, umtafute fundi mwenye vifaa vya kuishughulikia.

Sasa tuseme umeamua kuifungua mashine yenyewe mpaka chini. Tafadhali isiwe saa ya marehemu babu. Nunua mashine ya mazoezi. Sisi tunapendekeza ETA 6497, iliyozaliwa kwa jina la Unitas kwa ajili ya saa za mfukoni, au nakala yake ya Kichina ST36 ambayo ni nafuu zaidi. Ina upana wa milimita 36.6, haina tarehe, haina mtambo wa kujijaza, na skrubu zake unaziona bila kukodoa. Saa ndogo ya kike ya zamani inaonekana rahisi kwa kuwa haina thamani kubwa, ila vipande vyake humtoa machozi hata fundi mzoefu.

Bisibisi iwe na upana unaolingana na mfuo wa skrubu, kibano kiwe cha ncha kali kisicho na sumaku, na uwe na lenzi ya kukuzia. Piga picha kila hatua. Meza iwe nyeupe, na mikono ya shati ikunjuliwe. Kwa nini, umeshajua.

Kabla ya skrubu yoyote ya ndani, achia nguvu ya kamani. Vipande vingi tunavyopokea kwenye kopo vilivunjikia hapa. Kamani iliyojaa inazuiwa na kitu kimoja tu upande wa mwisho, nacho ni uma unaoruhusu gia kupita jino mojamoja. Ukiling'oa daraja la uma, yaani kibamba kinachoushikilia, nguvu ikiwa bado imo, gia zote zinaachiwa kwa mkupuo. Utasikia mvumo mfupi, kama nzi aliyenaswa kwenye karatasi, halafu kimya. Ncha ya mhimili imekatika, au meno yamekwenda. Namna ya kuepuka ni hii: shika kifundo cha kutilia ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada, kizungushe kidogo sana kama unayetia ufunguo, na kwa mkono mwingine sukuma kikomeo kinachozuia gia ya juu ya pipa, kile kikasha cha duara kinachobeba kamani. Kikomeo kikishaachia, usikitoe kifundo vidoleni. Kiache kirudi nyuma taratibu kikiteleza kati ya vidole mpaka usisikie msukumo wowote. Kisha rudia mara moja, kwa kujiridhisha.

Gurudumu la mizani hutoka likiwa limening'inia kwenye daraja lake kwa unywele. Linyanyue lote pamoja, ligeuze, ulilaze. Usiuguse unywele kwa kibano hata kama unaona umepinda. Kuunyoosha ni ufundi wa miaka, nasi kuna siku tunaukataa.

Kufungua hakumshindi mtu. Kinachowaleta watu kwetu ni kurudisha daraja la gia. Hapo gia tatu au nne husimama kila moja juu ya ncha yake, na ncha zote za juu lazima ziingie kwa pamoja kwenye vitundu vya vito, yaani vijiwe vigumu vinavyozishika. Baadhi hazizidi sana sehemu ya kumi ya milimita kwa unene. Weka daraja juu yake bila kulikandamiza. Chungulia kwa pembeni. Guseguse mhimili mmoja, halafu wa pili, huku kidole kikilala juu ya daraja kwa uzito wake mwenyewe. Zikikaa zote, daraja litashuka lenyewe, utalisikia. Kaza skrubu moja nusu tu, kisha sukuma gia ya kwanza kwa kijiti. Gia zikizunguka zote kwa ulaini hadi ya mwisho, kaza. Zikigoma, legeza. Anayesema "nikikaza itaingia" ndiye mteja wetu wa kesho.

Mafuta nayo: tone la saa halifanani na tone unalolijua. Ni kiasi kinachobaki kwenye ncha ya sindano, na kila sehemu ina mafuta yake, mazito kwenye pipa na mepesi kwenye gia zinazokwenda mbio. Meno ya gia hayatiwi kabisa. Mafuta ya kupulizia ya kulegezea kutu husambaa mpaka kwenye unywele na kuugandisha.

Ukikwama, simama hapo ulipo. Weka vipande kwenye vifuko tofauti, gurudumu la mizani peke yake kwenye kikasha kigumu kisichoweza kulibana, na andika kwenye karatasi hatua uliyofikia. Picha zako tuletee pia. Tunapokea saa zilizofunguliwa nusu, zilizofunguliwa zote, na zenye skrubu zilizozidi. Tutakuuliza ulitia mafuta gani. Sema ukweli tu, maana ya cherehani tunayatambua kwa kuyaona, na ya kupikia hata kabla hujafungua kopo.