Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo: hewa ipimwe pale ndama anapolala

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UKAGUZI WA HEWA KATIKA MABANDA YA NDAMA

Ukaguzi ulivyozoeleka ni wa kupita njia ya katikati, kunusa, na kuandika "hewa nzuri". Tunaomba ubadilishwe. Ndama hushinda amelala, pua ikikaribia matandiko, na amonia huanzia hapohapo, vimeng'enya vya kwenye kinyesi vinapoivunja urea ya mkojo. Huunguza utando wa njia ya hewa na kudhoofisha vinyweleo vinavyosukuma kamasi nje. Bakteria kama Pasteurella multocida hupata mwanya wa kushuka mapafuni, na nimonia huanza.

Mkaguzi aingie kizimbani, apige magoti kwa nusu dakika. Magoti yakilowa, matandiko yabadilishwe hata kama juu yanaonekana makavu. Kipimo cha amonia kishikwe kwenye kimo cha pua ya ndama aliyelala. Kikionyesha zaidi ya sehemu 10 kwa milioni, banda lirekebishwe; kungoja 25 ni kuchelewa.

Kosa kubwa zaidi, na wapo maafisa wanaolishauri, ni kuziba kuta zote kwa turubai msimu wa baridi. Ndama wachanga hawatoi joto la kutosha kuinua hewa chafu hadi kwenye upenyo wa paa, kwa hiyo hewa husimama. Dawa ya baridi ni nyasi kavu nyingi, kiasi cha kufunika miguu ya ndama akilala. Pasipo na upepo wa kutosha, feni ivute hewa safi ya nje (isiwe inayotoka banda la ng'ombe wakubwa, jambo linalosahaulika mno) na kuisambaza kwa bomba la plastiki lenye matundu. Hata kwenye baridi, hewa yote ya banda ibadilike walau mara 4 kwa saa. Joto likipanda, zaidi sana. Hewa ikimfikia ndama, mwendo wa hewa hiyo usizidi mita 0.3 kwa sekunde, la sivyo inampiga baridi. Matundu huhesabiwa kwa urefu wa banda na nguvu ya feni. Kuyatoboa kwa kukisia huacha vizimba vya mwisho bila hewa.

Mbao za kutenganisha vizimba ziwe nzima, lakini mbele na juu pabaki wazi.

Na ukaguzi ufanyike alfajiri, kabla milango haijafunguliwa na kinyesi hakijazolewa.

Wasalaam,
Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na mafundi wa mabanda