Barua kwa mwanangu: Bustani ya kivulini

Amani, Muheza
Mwezi wa tatu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi sote hatujambo, baba yako anakusalimu, na masika yameanza kuchungulia huku mlimani.

Picha za kibaraza chako nimeziona. Nyanya zimerefuka zikaegemea ukuta bila hata ua moja, nawe unaniambia mkono wako hauna baraka. Mkono wako ni mzima, mama. Nyanya, bamia, hoho na hata mchicha vinataka jua kamili kwa saa sita au zaidi kila siku, na kibaraza chako kinatazama kusini huku ghorofa la jirani limekikinga. Hapo nyanya hazitazaa hata uzitie mbolea ya namna gani. Zing'oe, udongo wake uuweke, tuanze upya.

Wewe umekulia chini ya miti. Iliki, pilipili manga, majimbi, vyote umeviona vikistawi mahali ambapo jua linapenya kwa kudokoa. Kwa hiyo sitaki ukihesabu kivuli kuwa ni kasoro ya nyumba uliyopanga. Kina mimea yake, na mingine ni ya kula.

Kabla hujanunua chochote, pima mwanga. Saa sita mchana tandaza karatasi nyeupe pale mmea utakapokaa, kisha nyoosha mkono juu yake kiasi cha futi moja. Ukiviona vidole vyote waziwazi kwenye kivuli cha mkono, hapo mboga laini za majani zitakubali. Kivuli kikiwa hafifu, kingo zake hazieleweki, panafaa mnanaa na tangawizi. Kisipoonekana kabisa, usipoteze mbegu zako hapo. Na upime tena mwezi wa kumi, kwa sababu jua la Dar huhama. Kuanzia mapema Machi hadi mapema Oktoba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na kibaraza cha kusini hakilioni. Baada ya hapo hadi mwisho wa Februari linahamia kusini, na ule ukingo wa nje penye vyuma utapigwa. Mmea uliozoea kivuli ukikutana na jua hilo ghafla majani huungua, hivyo usogeze ndani mapema. Mwenye nyumba akikuruhusu, ukuta wa nyuma upake chokaa. Utarudisha mwanga kwenye majani.

Vyombo havihitaji gharama. Ndoo za rangi zilizosafishwa na madumu yaliyokatwa yanatosha, mradi utoboe matundu matano au sita chini kwa msumari uliopashwa moto, kisha uviinue juu ya vipande vya tofali ili maji yatoke. Udongo wa shamba peke yake ndani ya ndoo hugandamana. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza sawasawa, na moja ya vumbi la makumbi ya nazi, ambalo ulisuuze kwanza kuondoa chumvi. Baada ya hapo mbolea iwe kidogo mno. Kivulini mmea hukua polepole, na ukiulisha sana unatoa mashina marefu na malegevu ambayo vidukari huyapenda.

Sasa maji, na hapa nisikilize vizuri, kwa sababu maji huua mimea ya kivulini kuliko giza lenyewe. Udongo usiopigwa na jua haukauki upesi. Mizizi ikikaa ndani ya tope inakosa hewa, inaoza, na mmea unanyauka ingawa maji yamejaa. Mtu akiuona umenyauka anaongeza mengine, ndipo anaumaliza. Kwa hiyo ile desturi yetu ya kumwagilia asubuhi na jioni iache huku huku kwenye matuta. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kikitoka na udongo ulionata, ahirisha. Njia ninayoipenda zaidi ni kuinua chombo. Kinyanyue mara tu baada ya kumwagilia, kisha kinyanyue kila asubuhi, na baada ya muda mkono wako utaujua uzito wa chombo chenye kiu bila kuchimba chochote. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu sahani iliyo chini uimwage siku hiyo hiyo. Mbu wa dengue hutaga kwenye vijimaji vya namna hiyo, na hao huuma mchana. Dar iliwahi kupata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019, nami sitaki bustani yangu ikuletee homa.

Anza na mnanaa. Chukua vijiti vibichi, ng'oa majani ya chini, vitie kwenye glasi ya maji mpaka viote mizizi, kisha uupe ndoo yake peke yake maana hutambaa na kumeza wenzake. Giligilani isia pale pale itakapokulia, haipendi kuhamishwa. Mbegu ziviringishe chini ya chupa zipasuke mara mbili, na usie kidogo kidogo kila baada ya wiki tatu. Saladi ingoje Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, kwa kuwa kwenye joto kali mbegu zake hugoma kuota. Tangawizi ndiyo ya kupanda sasa: kipande chenye macho mawili, kwenye beseni pana, na usiichimbe kabla ya miezi minane.

Jambo la mwisho ni maua. Shangazi yako anakuja Dar Jumamosi, na nimempa jani moja la yale maua ya zambarau yaliyo kwenye chungu cha dirishani kwangu. Ni mmea wa milima yetu hii. Mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani, na leo unauzwa madirishani dunia nzima kwa jina la Saintpaulia, ilhali porini kwake unazidi kupungua kadiri misitu inavyokatwa. Ndiyo maana nakukataza kabisa kununua uliochimbwa msituni. Kikonyo cha jani nimekiacha kirefu. Kikate kwa mshazari kibaki kama sentimita tatu, kichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, na uvumilie, vichipukizi huchukua wiki nyingi. Maji upe kwa chini, chungu kikae kwenye sahani kwa nusu saa kisha uyamwage, maana maji baridi yakigusa majani huacha mabaka. Usiuweke kibarazani. Joto la Januari la hapo mjini litautesa, bora ukae ndani karibu na dirisha lenye hewa.

Nina pia mche wa tambuu, nao hupenda kivuli, ila unataka kitu cha kupandia na hewa yenye unyevu. Pima kile kipembe karibu na bomba la maji, unipigie kabla ya Ijumaa jioni, nijue kama nimfungie shangazi yako na huo.

Mama yako