Kwa vijana mnaowapeleka wafadhili majumbani: msiwafukuze ndugu za mtoto

Vijana wangu wa Nyalenda, Manyatta na Obunga hapa Kisumu, mnaowasindikiza wageni na kuwatafsiria, na ninyi wa tuktuk mnaowafikisha mpaka mlangoni, salamu.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa kundi lenu ni la mchanganyiko. Kuna Waluhya, Wakisii na Wanubi wa Kibos, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba mzee aliwateta wengine kwa Kijaluo. Mimi ni mzee wa mtaa. Kazi hii haina mshahara wa maana, lakini hakuna mlango nisioufahamu huku wala mtoto nisiyejua ni wa nani.

Shule zikifungwa Agosti ndipo wageni wanapojaa. Kwao ni likizo ya kiangazi. Wanakuja kujitolea wiki mbili tatu kwenye chekechea na zahanati, na baadhi yao wana mtoto hapa wanayemlipia karo kupitia shirika fulani. Wameandikiana barua kwa miaka, sasa wanataka kumwona. Sina neno na hilo. Linaloniudhi ni yale mnayoyafanya kabla mgeni hajashuka kwenye tuktuk.

Nimeyaona mara nyingi. Mtoto anaogeshwa, anapakwa mafuta mpaka anang'aa, anavalishwa sare na shule zimefungwa. Wenzake wanatimuliwa: nendeni kwa jirani, msirudi mpaka muitwe. Mgeni anakalishwa kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofuliwa jana, uso kwa uso na mtoto wa miaka tisa aliyeganda, nanyi mko katikati mnatafsiri. Shule ikoje? Iko sawa. Unapenda somo gani? Hesabu. Saa nzima inakwisha hivyo, soda inapata moto mezani, na vichwa vinne vinachungulia dirishani. Mgeni akiuliza kaka na dada wako wapi, mnamjibu wameenda kucheza.

Huyo mgeni anawajua. Mtoto huandika nini kwenye barua? Huandika kwamba kaka yake mkubwa ni golikipa, dada yake anajua kusuka, mdogo wao ameng'oka jino. Mgeni amesoma habari za hilo jino akiwa kwao Uingereza au Marekani, ameabiri ndege, amefika Kisumu, halafu mnamficha mwenye jino!

Najua mnachoogopa. Nguo zilizochanika, makamasi, na kwamba faili inasema watoto watano lakini mgeni atakuta tisa. Hili la hesabu limalizeni njiani. Mwelezeni kwamba kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na kwamba aliyefiwa na wazazi huchukuliwa na shangazi au nyanya bila karatasi yoyote. Anayelala hapo na kula hapo ni wa hapo. Mgeni akilijua mapema hatashtuka. Asipolijua, atadhani ameletewa watoto wa kukodi, na mimi mwenyewe nimewahi kumsikia mmoja akinong'ona hivyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi hata siku ya kwanza mpeni. Kuna binti mmoja wa Kizungu aliyekuja Manyatta kumwona mvulana anayemlipia, na mvulana akawa hatoi hata neno. Bahati nzuri siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuwafukuza watoto. Dada mtu alikuwa nje na ungo wa omena, yaani dagaa, mapajani, akitenga mchanga na fulu, samaki wengine wadogo waliochanganyika humo. Mgeni akatoka, akachuchumaa, akaanza kusaidia. Alikuwa akitupa omena nzuri na kubakiza takataka. Yule dada akampiga kofi jepesi mkononi, kama angempiga mdogo wake, akamwonyesha fulu: huyu mnene mfupi, mtoe. Watoto wote wakaangua kicheko. Ndipo yule mvulana bubu akaja akajipenyeza katikati yao, akaanza kumfunza mgeni kwa Kiingereza cha darasa la nne. Mtafsiri hakupata kazi tena. Baadaye walimtia kwenye blada, mchezo wa kuruka kamba ya mpira, akaruka, akanaswa miguu, na hadi leo pale wakicheza mmoja akianguka huitwa kwa jina la yule binti.

Kwa hiyo msipange mazungumzo, pangeni kazi. Kupukuchua mahindi, kuchambua sukuma wiki, kwenda kioski na mtungi wa maji. Mtoto anayetazamwa na mtu mzima peke yake hufunga mdomo, lakini akiwa na ndugu zake husahau kwamba anatazamwa.

Sasa nizungumzie kifungua mimba, maana hapa ndipo mnaponitia uchungu.

Wazee wa Nyanza wanaikumbuka ndege ya wanafunzi ya mwaka 1959, ile ya juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, iliyopeleka vijana 81 Marekani kwa mara ya kwanza. Watu walichanga ili kijana wao aende. Ukoo haukuchanga kwa ajili ya mmoja. Kila aliyetoa shilingi yake alijua kwamba huyo akirudi atawashika mkono wadogo zake, mmoja baada ya mwingine. Desturi hiyo bado tunayo, ila siku hizi mambo yamegeuka. Anayefadhiliwa mara nyingi ni wa katikati au kitinda mimba, kwa sababu shirika lilipoandikisha lilitaka watoto wadogo. Mkubwa alishapitwa. Shule ya msingi haina karo tangu 2003, lakini sare, daftari na chakula vina bei, na sekondari ndiyo kabisa. Basi mkubwa anaacha sekondari njiani, anauza mandazi Kondele au nguo za mitumba Kibuye.

Nani anamwamsha mdogo alfajiri? Ni yeye. Nani anafua ile sare mnayomvalisha Agosti? Mtoto alipokuwa hajui kuandika, nani alimshikia kalamu ili barua ya mfadhili ijibiwe? Katika nyumba zaidi ya moja naijua hati ya dada mtu kwenye barua hizo. Kisha mfadhili anafika na huyo dada anatumwa dukani kuleta soda, anaiweka mezani, anatoka. Hakutajwa hata jina.

Mtajeni. Mkiingia, kabla ya lolote, mwambieni mgeni: huyu ndiye anayemlea pamoja na mama. Mpeni kiti. Mgeni mwenye akili atajua la kusema, na asiye na akili angalau atamsalimia. Msigeuze hapo kuwa ombi la karo ya dada, maana mtaharibu.

Zawadi. Jozi moja ya viatu kwenye nyumba ya watoto sita ni kesi niliyosuluhisha mara nyingi kuliko kesi za mipaka. Viatu hukaa wiki moja kwa mwenyewe, halafu mkubwa anavivaa, halafu vinafichwa, halafu kuna kilio. Mashirika mengi yana taratibu zake za zawadi, ulizeni ofisini kwanza. Mgeni akisisitiza kununua kitu, mpelekeni kwenye unga, sukari, sabuni, au mpira mmoja mzuri wa wote. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 hata mipira ya juala imeadimika, watoto wanafunga matambara.

Kuna swali litakalokuja tu: mdogo mtu atamwuliza mgeni, na mimi utanilipia lini? Msilimeze. Litafsiri lilivyo, kisha mwambie mgeni asijibu ndiyo pale pale, hata kama machozi yanamlenga. Ajibu kwamba amesikia, na akaulize ofisini kama kuna nafasi. Nasikia pia kwamba baadhi yenu ndio mnaowafunza watoto hilo swali, mkitarajia chochote kidogo mfadhili akikubali. Nikimpata mtu huyo, tutaonana kwa chifu.

Kuhusu ulinzi sitasema mengi, kwa kuwa mlishafundishwa. Mgeni haachwi peke yake na mtoto, wala hachukui watoto kwenda ziwani Dunga kuona viboko bila mzazi, wala hampi mtoto namba yake ya simu. Ila hili moja mnalisahau: karatasi aliyotia sahihi mama ni ya yule anayefadhiliwa. Ndugu zake hawamo. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa habari za mtoto, na picha ni habari. Simu ikitolewa, ulizeni mama kuhusu kila mmoja. Akikataa mdogo asipigwe picha, mgeni aweke simu mfukoni.

Siku ya kuagana msimruhusu mgeni kusema atarudi, isipokuwa tikiti ameshaikata. Watoto wa hapa wana kumbukumbu. Kuna mmoja Obunga alinisimamisha barabarani kuniuliza kama Desemba imefika. Badala ya ahadi, barua ijayo iachiwe nafasi chini, kila ndugu aweke mstari wake au mchoro wake, ipitie ofisini kama kawaida. Mgeni akijibu, awataje wote kwa majina. Karatasi ni ile ile na stempu ni ile ile.

Kundi la Agosti hii likija, kila mmoja wenu aniletee mapema orodha ya nyumba atakayoitembelea, na majina ya watoto wote wanaolala humo, mkubwa kwanza. Niko nyumbani kila jioni baada ya saa kumi na moja, isipokuwa Jumapili, siku ambayo niko Kibuye sokoni.

Ni mimi mzee wenu wa mtaa, Manyatta, Kisumu.