Damu anayopoteza mzazi ipimwe, na muda wa mkunga upimwe pia

Ndugu Mhariri,

Kila gazeti linapoandika habari ya mama aliyefariki baada ya kujifungua, maneno huwa ni yaleyale: "alivuja damu nyingi." Hakuna anayeuliza nyingi kiasi gani. Wala kosa si la waandishi peke yao. Hata kwenye mafaili ya wodi za wazazi utakuta "kiasi cha kawaida", au "mililita 200" kwa mama huyu, na yule, na yule anayefuata, tarakimu iliyokadiriwa kwa macho na mtu aliye katika saa ya kumi ya zamu yake. Sisi wauguzi wakunga tunaamini utafiti wa afya ya mwanamke huzaliwa au hufa pale pale kitandani, kwenye tarakimu hiyo, na tunaomba nafasi tueleze.

Jicho hudanganya. Damu nyingine imenywewa na kanga, nyingine imechanganyika na maji ya uzazi, nyingine imechuruzika hadi sakafuni. Makadirio ya macho kwa kawaida huwa pungufu, na damu ikizidi kuwa nyingi ndivyo yanavyozidi kubaki nyuma. Utafiti wa E-MOTIVE, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2023, uliliweka jambo hili wazi. Ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa zaidi ya wanawake 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Kundi moja la hospitali lilipewa mifuko ya plastiki ya kukingia damu yenye mistari ya vipimo, na wahudumu wakafundishwa kutoa matibabu yote kwa mkupuo mmoja badala ya kujaribu dawa hii, kusubiri, kisha kujaribu nyingine. Kundi la pili liliendelea na utaratibu wake wa siku zote, damu ikikingwa kwenye mifuko isiyo na alama. Penye mistari, kati ya kila wanawake 100 waliovuja damu kupita kiasi, 93 walitambuliwa. Pasipo mistari walitambuliwa 51 tu. Damu ilikuwa ndani ya mfuko, mbele ya mhudumu, na bado karibu nusu ya akina mama hao walipitwa. Kwa jumla, madhara makubwa, yaani kupoteza lita moja au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa ajili ya kuzuia damu, au kufa kwa kuvuja damu, yalipungua kwa asilimia 60.

Tunajua mifuko hiyo haipo kila zahanati ya Hai, Rombo au Monduli. Mzani wa kidijitali wa jikoni unaosoma gramu unaweza kuanza kazi hiyo. Pima kanga na pedi zikiwa kavu, andika uzito kwenye kipande cha plasta, kibandike kwenye faili la mama. Mtoto akishatoka, ondoa nguo iliyolowa maji ya uzazi na tandika ile uliyoipima. Baadaye pima tena, toa uzito wa mwanzo, na hesabu gramu moja kuwa takriban mililita moja. Kanga na pedi zilizokuwa gramu 400 zikisoma 930, mama amepoteza karibu mililita 530.

Hesabu yenyewe ni rahisi, ila huharibika kwa njia nyingi. Nguo isipobadilishwa baada ya mtoto kutoka, maji ya uzazi huhesabiwa kuwa damu. Kibofu kisipomwagwa kwanza, mkojo nao huingia kwenye mzani; tena kibofu kilichojaa huuzuia mji wa mimba kukaza. Ndugu mwenye nia njema huichukua kanga ya kwanza akaifue kabla haijapimwa. Mabonge hubaki ndani ya mji wa mimba, nguo ikaonekana safi huku tumbo likipanda. Na kosa tunaloliona baya kuliko yote ni kufunga hesabu mama anapohamishiwa kitanda cha pili, wakati damu haijui kuwa amehama.

Kipimo kina maana kikifuatwa na kitendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2025 unataka matibabu yaanze damu ikifika mililita 500, ujazo wa chupa ndogo ya maji ya kunywa, au hata ikifika 300 tu endapo dalili za mwili zimebadilika, kwa mfano mapigo yamepita 100 kwa dakika au namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 100. Mkunga akumbuke pia kwamba mapigo yakiwa makubwa kuliko namba ya juu ya presha, mama yuko hatarini hata kama anaongea na kutabasamu. Hapo tumbo hukandwa ili mji wa mimba ukaze, oksitosini, dawa ya kuukaza, huingia kwa mshipa, asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 hutolewa taratibu kwa dakika 10, dripu hufunguliwa, kondo la nyuma na njia ya uzazi hukaguliwa kama kuna kipande kilichobaki au mchaniko, na mwenzako huitwa. Vyote kwa pamoja. Traneksamiki itolewe ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe, wala si tangu damu ilipogunduliwa; utafiti wa WOMAN wa mwaka 2017, uliohusisha wanawake 20,060, ulionyesha kuwa faida yake iko humo. Inauma kuona dawa ipo kituoni lakini imefungiwa stoo usiku na mwenye ufunguo yuko kwake, au oksitosini, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, imeshinda kwenye trei tangu asubuhi karibu na dirisha lenye jua. Sindano itachomwa, itaandikwa kwenye faili, na mji wa mimba hautakaza.

Sasa tuje kwa mtu anayetakiwa kuyafanya haya. Katika saa ya kwanza baada ya kujifungua, mama huangaliwa kila baada ya dakika 15: mapigo, presha, ugumu wa mji wa mimba, damu, kisha kuandika. Tuseme ni dakika 5 kwa mzunguko mmoja, na hapo hakuna kuzungumza na mama. Akina mama watatu waliojifungua karibu wakati mmoja wanahitaji mizunguko 12, yaani dakika 60. Saa nzima imekwisha. Lakini kitanda cha nne kina mama mwenye uchungu uliokolea, ambaye mapigo ya mtoto wake yanatakiwa kusikilizwa angalau kila nusu saa, tena kwa dakika nzima, na akianza kusukuma ni kila dakika 5. Watoto watatu waliozaliwa nao wanataka kupewa joto na kuwekwa kwenye titi. Mkunga akiwa peke yake usiku, saa haimtoshi hata awe hodari namna gani. Ndipo partografu, chati ya maendeleo ya uchungu, inapojazwa alfajiri kwa kumbukumbu, mistari ikiwa imenyooka kupita uhalisia. Kutoka hapo tarakimu huingia kwenye rejesta ya MTUHA, mfumo wa taifa wa taarifa za afya, kutoka MTUHA zinaingia kwenye tasnifu, na mtafiti anatoa asilimia zake akiamini zilipimwa.

Hapa ndipo tuna neno na wanaofanya utafiti katika mikoa yetu miwili, Kilimanjaro na Arusha. Madodoso ya "maarifa, mtazamo na utendaji" wa wauguzi yametosha. Mkunga anaulizwa kama anajua oksitosini ni uniti 10, anajibu anajua, kisha hitimisho linasema apewe mafunzo. Tunachokosa ni mtafiti atakayekaa kwenye kona ya leba akiwa na saa mkononi, mchana na usiku, wikendi na sikukuu, akaandika kila kazi ilichukua dakika ngapi na ipi iliachwa kwa sababu nyingine ilidai nafasi. Aandike pia yanayompata mhudumu: alijichoma sindano katika saa ya ngapi ya zamu, mgongo ulianza kuuma lini, alikula au hakula. Siku za mwanzo azitenge kwenye uchambuzi, kwa sababu mtu anayetazamwa hufanya kazi tofauti na kawaida yake. Na tafadhali, asimpe mkunga wa zamu fomu zake amjazie. Atakuwa ameiba zile dakika alizokuja kuzihesabu. Ridhaa ya mama nayo iombwe kliniki, wiki kadhaa kabla. Mwanamke aliye katikati ya uchungu atakubali chochote mradi aachwe apumue.

Kwamba utafiti unaweza kukaa ndani ya kazi ya ukunga bila kuivuruga, Moshi inajua. Katika Hospitali ya KCMC, hospitali ya rufaa mjini hapa, kuna rejesta ya uzazi iliyoanza miaka ya kuelekea 2000, ambapo wakunga waliofundishwa mahususi huzungumza na mama kwa kawaida ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, au anapopata nafuu, na kujaza taarifa kwa mpangilio uleule. Ubora wake unatokana na jambo moja dogo: kuuliza maswali ni kazi iliyopangiwa mtu, haikubandikwa juu ya kazi nyingine.

Hatukatai kwamba nchi imesonga. Takwimu za kitaifa zilionyesha vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015/16, na 104 katika ule wa mwaka 2022. Akina mama 81 kati ya 100 sasa wanajifungulia kwenye vituo vya afya. Maana yake ni kwamba tumewaambia waje, na wamekuja. Wakivuja damu sasa, wanavujia mbele yetu.

Kwa hiyo tunaomba halmashauri za Kilimanjaro na Arusha, katika bajeti ijayo, ziweke mzani mmoja kwa kila chumba cha kujifungulia, na trei moja ya dharura ya kuvuja damu isiyofungiwa kwa kufuli, oksitosini yake ikikaa kwenye friji ya chumba hichohicho. Vyuo navyo, kabla ya kumpa mwanafunzi barua ya kuingia wodini, vimtake aahidi kurudi na karatasi moja ya Kiswahili ya kubandikwa ukutani: alipima nini, alipata nini, na zamu ya usiku ibadilishe nini.

Wauguzi wakunga,
Moshi, Kilimanjaro.