Mwanangu, kampuni yako imezaliwa na ndevu

Mwanangu,

Stori yako nimeisoma jana usiku mpaka simu ikabaki na chaji asilimia nne, mama yako anauliza nacheka nini peke yangu gizani. Nimempenda sana yule mzee mlinzi wa getini anayejua siri za mabosi wote. Ila hiyo kampuni yenyewe baba, mbona imezaliwa na ndevu? Ukurasa wa kwanza tu ina ghorofa 90, ina maroboti, ina setilaiti. Kabla ya hapo ilikuwa inauza nini? Mtaji walikopa kwa nani?

Maana za kweli haziko hivyo. Samsung ilianza 1938 pale Daegu, Korea, Lee Byung-chul anauza samaki wakavu na tambi, yaani kama wauza dagaa wetu tu. Nintendo, hawa wa michezo ya video, 1889 kule Kyoto, Japani, walikuwa watu wa karata. Na wale wa Sony, miaka ya 1940 hata jina hilo hawana bado, wakajaribu chombo cha umeme cha kupikia wali, pipa la mbao na alumini chini, leo wali umetoka mbichi kesho bokoboko, hakikufika hata sokoni. Wewe weka kitu kama hicho kwenye kabati la kioo pale mapokezi, vijana wapya wakipita wanacheka, mzee wako wa getini ananuna kwa sababu yeye ndiye alikuwa anaonjeshwa ule wali.

Unakikumbuka kile kitochi cha bibi, Nokia 1100? Nilikifungua mwenyewe mara mbili, vitufe vyote vimefunikwa na mpira mmoja mzima, vumbi linapita wapi sasa? Halafu nikaja kujua wale Wafini wa Nokia walianza na karatasi 1865 na baadaye wakatengeneza mpaka mabuti ya mpira, nikacheka sana, nikasema ndio maana!

Ila kinachokosekana zaidi ni kovu. Kampuni yako haijawahi kuaibika. Samsung mwaka 1995, Lee Kun-hee, mtoto wa yule muuza samaki, aligawa simu zawadi ya mwaka mpya kumbe nyingi mbovu, basi akaamuru simu na mashine za faksi kama 150,000 zirundikwe uwanjani kiwandani Gumi, zipigwe nyundo na kuchomwa moto, na waliozitengeneza wamesimamishwa pale pale wanaangalia kazi ya mikono yao inageuka jivu. Hebu fikiria umesimama pale na unaijua simu uliyoifunga wewe.

Ya kwako waliharibu nini, na nani alisimama akaangalia? Mi nadhani mzee wa getini alikuwepo, tena kuna kimoja alikificha chini ya koti akaondoka nacho.

Nitumie sura ya pili ukimaliza mitihani, sio kabla. Na huyo mzee usimuue, nimeshaona unapoelekea.

Baba