Shoga angu, kabla hujawapeleka watoto kwenye mabembea ya Dar

Shoga angu,

Za Lindi jamani? Huku Mtwara wazima, joto tu ndo limeshaanza kutunyanyasa. Sauti yako uliyonitumia jana nimeisikiliza mara mbili nikiwa nakuna nazi, nikaona nikuandikie kabisa maana kwenye simu tutaishia kwenye habari za watu. Unasema hela ya korosho ikiingia tu, Disemba unawabeba wote watatu mpaka Dar wakapande hayo mabembea ya umeme, na unataka nikwambie wapi panda wapi usipande. Nimefurahi mno, watoto wamesoma mwaka mzima na wa darasa la nne katoka kwenye mtihani, wanastahili.

Ila mwenzangu naomba kitu kimoja tu. Usiangalie miaka wala darasa, angalia urefu.

Sikukwambia haya siku ile maana nilikuwa bado natetemeka. Idi iliyopita zile mashine zinazoletwaga sikukuu si zilikuja, sehemu sitaitaja, kuna lile la viti vya watu wawili wawili linazunguka huku linapanda na kushuka. Nikapanda na mwanangu mdogo yule wa darasa la kwanza. Sasa chuma cha kuwafunga ni kimoja kwa watu wawili, kikashushwa kikagota kwenye mapaja yangu mie mtu mzima, kwa mtoto pakabaki nafasi dafu zima lingepita. Na nikaona shoga! Nikaona kwa macho yangu nikajisemea aah dakika mbili tu hizi. Ile mashine ilipochanganya mtoto akaanza kuteleza anakuja chini ya chuma, nimemkamata shati kifuani, kifungo kikaruka, nikambana kwa mguu na mkono wote, napiga kelele simamisha simamisha, jenereta linanguruma na muziki juu hakuna anayenisikia. Tulivyoshuka nikakaa pale pale mchangani, miguu haikunibeba. Lile shati mpaka leo lina kifungo kimoja cheusi katikati ya vyeupe.

Ndo nikaelewa kwanini sehemu zenye utaratibu wanaweka kijiti cha kupimia pale mlangoni. Sio roho mbaya. Kile chuma na mkanda vimetengenezwa kwa mwili wa kuanzia kimo fulani, mgongo ufike kwenye kiti na chuma kikae juu ya mapaja, mtoto akiwa mfupi kuliko hapo hakuna kinachomshika. Hata kule Disney World ya Florida, Marekani, mchezo wao wa Space Mountain mtoto asipofika sentimita 112 hapandi, uwe umetoka nchi gani. Kwahiyo mtoto wa miaka 9 aliye mfupi anaweza akakataliwa na mdogo wake akapita, na mtu akikwambia "mama mpandishe tu, mkumbatie", kataa. Mkono wa mama haushiki mashine ikikaza, mie nimejaribu.

Chukua ile futi ya fundi cherehani, wasimamishe mlangoni bila viatu, piga alama ya mkaa, andika namba zao kwenye karatasi uende nayo. Ukifika unasoma kibao cha kila mchezo, unajua yupi anapanda yupi hapandi kabla hawajaanza kulia. Na kwenye hayo ya kuzunguka, wakikaa wawili mkubwa akae upande wa nje, maana likikolea mwendo linawasukuma wote nje na mdogo akiwa kule atabanwa na mwenzie. Muangalie pia kijana anayeendesha, anapita kuvuta chuma cha kila kiti kwa mkono kabla hajawasha? Kama anakusanya hela tu kisha anawasha, shukeni.

Sasa kuna na moyo wa mtoto. Huyu wangu mkubwa wa darasa la sita kimo anacho cha kupanda chochote lakini hawezi, alafu mjomba wake siku ile akamwita muoga mbele za watu, mtoto kalia mpaka Magomeni ya huku kwetu Mtwara. Yule binti yako wa kati namuona ni hivyo hivyo. Muanzishie kwenye treni ndogo na yale magari ya kugongana (mikono ndani, ashike usukani, shingo isilegee), alafu asimame atazame mchezo mkubwa raundi nzima, aone na nyuso za wanaoshuka, ndo aseme mwenyewe anataka au hataki. Na usidanganyike na lile gurudumu kubwa kwasababu linaenda taratibu. Kwa mtoto anayeogopa kwenda juu lile ndo baya kuliko yote, linasimama mkiwa kileleni kabisa wanapakia wengine chini, na pale hakuna kushuka.

Sehemu zenyewe: kuna Fun City kule Kigamboni, ina mashine na upande wa maji, na nyie mkitokea kusini mnaweza kukatia Kongowe bila kuingia katikati ya mji. Kunduchi Wet 'n' Wild ni upande wa pili kabisa wa Dar na ni mambo ya maji, mitelezo mirefu ya kushuka bwawani. Chagua moja kwa siku moja, na piga simu kwanza uulize kiingilio na siku wanazofungua. Kwenye mitelezo waambie miguu mbele, mikono kifuani, na asijiachie mpaka aliyetangulia ametoka kwenye maji. Watoto wetu wa pwani wanaogelea ndio, lakini kugongwa kichwa na kisigino cha mwenzio ni kitu kingine.

Chakula baadae, chipsi mayai wale wakimaliza kuzungushwa. Na msiende kesho yake mara tu mkifika, kutoka Lindi ni zaidi ya kilometa 400 wamekaa kwenye basi, wapumzike siku moja (waamshe mkifika daraja la Mkapa wauone Rufiji, wasipitishwe wamelala). Baba yao nae aende, mmoja abaki na wafupi mwingine apande na warefu, kisha mnabadilishana, hata wewe upande bwana.

Nitumie vipimo vya wote watatu leo jioni tuvitazame pamoja. Yule mchumba wangu mdogo mshike visigino wakati wa kumpima, namjua atasimama kwa vidole.

Mwenzio wa Shangani