Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Maafisa wa Rasilimali Watu

Wanachama wenzangu, mabibi na mabwana,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hivyo nitazipitia haraka. Kamati tendaji ilikutana kila robo mwaka. Tulitembelea viwanda viwili Industrial Area na kimoja Baba Dogo. Tuliwatumia rasimu ya sera dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia, ambayo kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe nayo. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma.

Muda uliobaki nautumia kwa jambo ambalo limesemwa sana pembeni na kidogo sana vikaoni: uamuzi wa kufuta safari ya chama ya Naivasha na kuzielekeza shilingi 310,000 za fungu hilo kwenye mafunzo ya wasimamizi wa shifti.

Imedaiwa kwamba kamati haikuwa na mamlaka. Katiba yetu inairuhusu kamati kubadilisha matumizi ya fungu la shughuli kwa theluthi mbili ya kura, na wajumbe 7 kati ya 9 waliunga mkono. Kumbukumbu za kikao zipo kwa katibu na kila mwanachama anaweza kuzisoma. Imedaiwa pia kwamba tumewagharamia watu wasio wanachama. Ni kweli wasimamizi si wanachama. Lakini kazi yetu sote hapa ni kujenga utamaduni wa kazini, na utamaduni huo haukai ofisini kwetu. Unakaa pale mashine ilipo, kwa yule anayegawa kazi, anayeidhinisha ruhusa ya kwenda hospitali na anayeamua nani apate ovataimu. Shirika la utafiti la Gallup la Marekani limekadiria kuwa meneja wa timu ndiye anayechangia angalau asilimia 70 ya tofauti ya moyo wa kazi kati ya timu na timu. Fulana mpya na mbuzi choma wa Desemba havimfuti msimamizi anayetukana watu Januari. Mimi ndiye niliyeleta hoja hiyo kwenye kamati, na bado naisimamia.

Matumizi yalikuwa hivi: ukumbi 96,000, wakufunzi 120,000, chakula 61,000, uchapishaji 18,000. Jumla 295,000, na 15,000 zimerudi kwenye akaunti. Wasimamizi 84 walipitia mafunzo kwa makundi manne, yaani takriban shilingi 3,500 kwa kila mmoja. Nawaomba waliolalamika wapime kiasi hicho na walichofundishwa.

La kwanza lilikuwa kikao cha dakika kumi mwanzoni mwa shifti. Mpangilio wake ni usalama kwanza, kisha lengo la siku, kisha jibu la swali lililoulizwa jana, mwisho maswali mapya. Mara nyingi kikao hiki huharibika kwa sababu tatu. Hufanywa karibu na mashine inayonguruma, watu wakawa wanatikisa vichwa tu bila kusikia. Hugeuzwa kuwa mahali pa kumkaripia mtu mbele ya wenzake, na kuanzia siku hiyo hakuna anayeuliza tena. Au hufanywa kabla ya saa ya kuingia kazini, na mfanyakazi aliyetembea kutoka mtaa wa Mukuru alfajiri anaona dakika zake zimechukuliwa bure. Dakika hizo ni za kazi na zilipwe.

La pili lilikuwa daftari la malalamiko. Safu nne zinatosha: tarehe, lalamiko, anayelishughulikia, tarehe ya kujibu. Jibu litoke ndani ya siku saba hata kama ni la hapana, na sababu yake iandikwe. Watu huvumilia kukataliwa kuliko wanavyovumilia kunyamaziwa.

La tatu ni hati ya mshahara, na hapa ndipo wasimamizi walipoandika zaidi. Tangu makato ya SHIF, yaani mfuko mpya wa bima ya afya, ya asilimia 2.75 yaanze Oktoba 2024 badala ya yale ya NHIF, mfuko wa zamani, huku yale ya ushuru wa nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5 yakiendelea, wafanyakazi wengi wanaamini kampuni ndiyo inayowakata. Tulichukua mshahara wa shilingi 24,000 tukaukokotoa ubaoni: NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 1,440, SHIF ni 660, nyumba ni 360. Kodi ya mapato haipo, kwa sababu nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi inaimaliza. Kinachobaki ni 21,540, kabla ya mkopo au mchango wa sacco. Kisha tukaonyesha kwamba mwajiri naye huongeza kiasi hicho hicho cha NSSF na cha nyumba kutoka mfukoni mwake, ila kwa SHIF haongezi. Msimamizi anayeweza kulieleza hilo akiwa ameshika hati ya mfanyakazi mwenyewe, mstari kwa mstari, huzima uvumi ambao ungesambaa idara nzima kufikia saa ya chakula.

La nne lilikuwa nidhamu. Msimamizi anayemwambia mtu getini "kesho usirudi" amemwingiza mwajiri mahakamani. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka mfanyakazi aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na maelezo yake yasikilizwe kabla ya uamuzi. Mahakama ya Ajira inaweza kuamuru fidia ya hadi mishahara ya miezi 12. Waliobaki kazini nao huona jinsi mwenzao alivyoondolewa, na wanaanza kutafuta kazi kwingine kimyakimya.

Kuhusu dodoso la wafanyakazi tulilowagawia Machi, sijaridhika. Maelekezo yalikuwa wazi: maswali yasizidi 12, yawe kwa Kiswahili, yasiombe jina wala namba ya kazi, karatasi zitumbukizwe kwenye sanduku lenye kufuli karibu na kantini, na ufunguo usikae kwa mkuu wa idara. Matokeo ya kikundi cha watu chini ya kumi yasitangazwe peke yake, kwa sababu kila mtu atajua nani kasema nini. Baadhi yenu mliwaachia wasimamizi wazikusanye kwa mkono, mkapata majibu mazuri yasiyo na maana. Wengine mlikusanya vizuri, kisha matokeo hayakubandikwa popote. Hilo ni baya kuliko kutouliza kabisa. Bandikeni matokeo ndani ya mwezi mmoja, chagueni mambo mawili tu ya kurekebisha, na yakirekebishwa mseme kwamba ni kwa sababu wafanyakazi waliyataja.

Sasa ada. Tuko wanachama 64, na ada ni shilingi 6,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 29, waliolipa nusu ni 11, na 24 hawajalipa hata senti. Tulitarajia 384,000, tukapata 207,000, na 177,000 zinadaiwa. Mkono mtupu haulambwi. Wapo kati ya hao 24 walioleta wasimamizi kwenye mafunzo na kuomba rasimu za sera, na tuliwapa kwa sababu mfanyakazi wao hana kosa. Hatuwezi kuendelea hivyo mwaka mwingine.

Mahudhurio yamenihuzunisha zaidi. Mkutano wa Julai uliahirishwa kwa kukosa akidi: walihitajika 22, wakafika 19, ilhali ukumbi ulikuwa umelipiwa. Najua foleni ya Mombasa Road na najua mvua. Lakini tunawafundisha mameneja wetu kwamba mtu asiyeshirikishwa hujitenga, nasi tumeshirikishwa na hatuji. Waliopinga uamuzi wa Naivasha kwa sauti kubwa zaidi hawakuwepo siku hiyo ajenda ilipokuwa tayari mezani.

Mwaka ujao tunatarajia kuendeleza mafunzo, pesa zikiruhusu, na kuwafikia wasimamizi wa vibarua, ambao mpaka sasa hawajaguswa. Tunatumaini pia kupata ukumbi wa bei nafuu. Suala la safari litarudi kwenye kamati mpya. Wanaodaiwa wanaombwa kulipa kwa namba ya M-Pesa ya chama kabla ya uchaguzi, kwa kuwa katiba inampa haki ya kupiga kura mwanachama aliyelipa ada yote pekee.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti
Nairobi